Polipu imerudi: vinasaba ndiyo, ukoo pengine siyo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Morogoro. Mwaka 2021 nilitolewa kinyama kwenye kizazi (niliambiwa kinaitwa polipu) baada ya kutokwa na damu nyingi miezi kadhaa. Mwaka jana damu ikaanza tena, altrasaundi ikaonyesha kinyama kingine, nikatolewa kwa mara ya pili. Mama yangu alitolewa kizazi akiwa na miaka 46. Dada yangu ana mayoma. Mama mdogo naye alitolewa polipu wakati anatumia dawa za saratani ya titi. Nyumbani wanasema ni damu ya ukoo. Je, ni kweli polipu zangu zinarudi kwa sababu ya vinasaba? Na binti yangu wa miaka 17 afanyiwe vipimo?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kurudishwa tena kwenye kitanda kilekile. Umeuliza maswali mawili, lakini nyuma yake nasikia la tatu ambalo hukuliandika: kama kitu hiki mwishowe kitageuka saratani. Nitafika huko.

La binti ni jepesi, tulimalize kwanza. Asipimwe. Polipu kwa msichana wa umri wake ni nadra sana. Huongezeka mwanamke anaposogea miaka ya arobaini na hamsini. Wala hakuna kipimo cha damu cha kumwambia msichana wa miaka 17 kwamba siku moja ataota polipu. Kama hedhi yake ni nzito kiasi cha kumlaza au kumpunguzia damu, amwone daktari kwa ajili ya hedhi yake hiyo. Historia yako haihusiki.

Sasa la vinasaba. Neno hili la Kiswahili ni zuri, ila limetuponza kidogo. Limetoka kwenye nasaba, yaani ukoo, na kwa hiyo mtu akisikia "tatizo ni la vinasaba" anaelewa moja kwa moja kwamba amelirithi kwa mama au bibi. Kwenye polipu mambo hayaendi hivyo. Kuna jeni ulizozaliwa nazo, zilizomo katika kila seli ya mwili wako, ambazo nusu yake unampa mtoto. Halafu kuna hitilafu zinazotokea ukubwani, ndani ya seli moja ya ukuta wa kizazi, zikabaki hapohapo. Hizo hukuzirithi na binti yako hatazirithi. Ni vinasaba visivyo na nasaba.

Ukuta wa ndani wa kizazi hujengwa na kubomoka kila mwezi, kwa miaka thelathini na zaidi. Hakuna sehemu nyingi za mwili zinazofanya kazi ya namna hiyo. Kila seli inapojigawa lazima inakili vinasaba vyake vyote, na katika kunakili huko makosa hayakosekani. Mengi hayana madhara. Mara chache kosa linaangukia jeni inayosimamia ukuaji, na seli ile inaanza kuzaliana kuliko majirani zake.

Miaka ya 1990 watafiti walichukua polipu zilizotolewa kwa wanawake, wakaziotesha seli zake maabara na kuzitazama kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Walikuta mivunjiko inayojirudia mahali palepale, hasa kwenye kromosomu ya 6 na ya 12. Mahali hapo pana jeni mbili za ukoo mmoja, HMGA1 na HMGA2. Jeni hizi hufanya kazi kwa nguvu mtoto akiwa tumboni, wakati viungo vinajengwa, kisha hunyamazishwa. Kromosomu ikivunjika karibu nazo, zinaamka tena kwa mtu mzima. Jambo lililonivutia mimi tangu nilipolisoma ni kwamba mvunjiko huo ulikutwa kwenye seli za nyama ya katikati, ile inayoshika mishipa ya damu na kuwa kama shina la polipu. Tezi zinazoifunika kwa juu hazikuwa nao. Kwa maneno mengine, mwenye shamba ni shina. Tezi ni wapangaji tu.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia, kwa sababu ukielewa kwamba tatizo liko shinani, utaelewa kwa nini nakuuliza swali hili kabla ya swali lolote la ukoo: mwaka 2021 ulitolewa kwa njia gani?

Wewe uko Morogoro, gugu la ndago unalijua. Ukiifyeka juu kwa jembe, shamba linapendeza siku chache, halafu inachomoza tena kwa kuwa kile kiazi chake kimebaki chini. Polipu iliyokatwa shingoni ina tabia hiyohiyo. Kile wanawake wengi wanachokiita "kusafishwa kizazi", yaani daktari kuingiza kifaa na kukwangua bila kuona ndani, mara nyingi hupita pembeni ya polipu, au huikata juu na kuacha shina. Njia inayofaa ni histeroskopi: kamera nyembamba inapitishwa kwenye mlango wa kizazi, daktari anaiona polipu ilipokaa na kuikata kuanzia shinani. Hata ndani ya histeroskopi kuna tofauti. Utafiti mmoja wa Thailand uliochapishwa mwaka 2005, wa wanawake 240, ulikuta kwamba waliong'olewa polipu kwa koleo ndogo, asilimia 15 zilirudi. Waliokatwa kwa kifaa cha umeme kinachofika hadi kwenye shina, hakuna iliyorudi. Sikuambii kwamba kila mwenye kukatwa kwa umeme amepona moja kwa moja, maana hizo ni hesabu za sehemu moja. Lakini tofauti hiyo inatokana na mkono na kifaa. Jeni za wagonjwa hazikubadilika kati ya kundi moja na jingine.

Ukikusanya tafiti zote, kiwango cha kurudi kinatajwa kuanzia asilimia 2.5 hadi karibu asilimia 44. Pengo kubwa hivyo linatokana na muda wa kufuatilia (anayefuatiliwa miaka mingi ana nafasi zaidi ya kuota nyingine), njia ya upasuaji, na idadi ya polipu mwanzoni. Aliyekuwa na nyingi kwa mpigo ndiye anayerudi mara nyingi zaidi kuliko aliyekuwa na moja. Kwa hiyo tunaposema "imerudi" huenda tunasema mambo matatu tofauti: shina la zamani limechipua, au kulikuwa na nyingine pembeni ambayo haikuonekana siku ile, au hii ni mpya kabisa iliyoanza kwa seli nyingine. Ukiweza kupata maelezo ya upasuaji ya mara zote mbili, tazama kama zimetajwa sehemu zilipokuwa. Ya kwanza ikiwa ukuta wa juu na ya pili ikiwa ukuta wa nyuma, basi si ile.

Hitilafu ya jeni pekee pia haitoshi. Inahitaji kulishwa, na chakula chake ni estrojeni. Kwa kawaida estrojeni hujenga ukuta wa kizazi, projesteroni huuzuia usizidi, na homoni zote mbili zikishuka ukuta unabomoka na hedhi inatoka. Polipu inasikia estrojeni vizuri na projesteroni kwa shida, na seli zake zina protini iitwayo Bcl-2 inayozizuia kufa wakati wenzake wanakufa. Ndiyo maana hedhi inapita, ukuta mwingine wote unadondoka, yenyewe imekaa. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatasi kinachotengeneza estrojeni, kwa hiyo uzito mkubwa ni mbolea ya ziada hata baada ya ukomo wa hedhi. Sijui uzito wako na hukunieleza habari ya presha wala sukari, ila kama vimo, vinahusika kuliko bibi yako.

Kuna jingine linalosahaulika: uchochezi sugu wa ukuta wa kizazi, usio na homa wala maumivu ya kueleweka. Hukutwa mara nyingi kwa wenye polipu, na umehusishwa na kurudi kwake. Mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza nyama kwa hadubini, huutambua kwa kutafuta seli za plazma kwenye kipande cha nyama, na hutibiwa kwa antibayotiki. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kununua doksisaiklini kwa kuwa umesoma sentensi hii.

Twende sasa kwenye urithi wenyewe, maana haupo sifuri. Watafiti wamepekua benki kubwa za sampuli za Ulaya, zikiwemo za Finland na Estonia, na kukuta sehemu kadhaa za vinasaba ambazo huonekana zaidi kidogo kwa wanawake waliowahi kuwa na polipu. Neno la kushika hapo ni "kidogo". Kila moja inasukuma hatari kwa kiasi ambacho mtu mmoja hawezi kukihisi, wala daktari hawezi kukitumia kupanga matibabu. Na waliopimwa ni Wazungu. Vinasaba vya Afrika vina tofauti nyingi kuliko vya bara lolote, hivyo matokeo yale hayahamishiki kwetu kirahisi. Akikujia mtu mtandaoni anauza kipimo cha jeni cha kutabiri polipu, mwambie anunue yeye.

Tuangalie basi huo ukoo wako mmoja mmoja, kwa sababu nyumbani wameshaunganisha nukta na picha imetoka ya kutisha.

Dada na mayoma yake, yaani uvimbe wa misuli ya kizazi. Kweli mayoma yana ukoo ndani yake, na kweli ile HMGA2 niliyoitaja inavurugika kwenye baadhi ya mayoma pia. Ila mayoma ni mengi mno kuweza kuwa ushahidi wa chochote. Utafiti wa Marekani ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wakiwa nayo wanapofikia miaka 50, wengi bila kujua. Familia ya Kiafrika yenye mabinti wazima na isiyo na mwenye mayoma ndiyo ingenishangaza. Polipu nazo si adimu kama watu wanavyodhani: Denmark walichukua wanawake wa miaka 20 hadi 74 kwa kubahatisha tu, si wagonjwa, na asilimia 7.8 walikutwa nazo, wengi wao hawana dalili hata moja.

Mama mdogo. Nina karibu hakika dawa aliyokuwa akitumia ni tamoksifeni, maana ndiyo inayotumika sana kwa saratani ya titi inayosikia homoni. Dawa hiyo kwenye titi huizuia estrojeni, lakini ikifika kwenye kizazi hufanya kazi kama estrojeni yenyewe, na polipu ni madhara yake yanayojulikana. Polipu yake ilitoka kwenye kidonge. Mtoe kwenye hesabu ya polipu, lakini saratani yake ya titi ibaki kwenye karatasi, nitairudia.

Mama. Huyu ndiye muhimu, na ndiye uliyenieleza habari zake kidogo kuliko wote. Kutolewa kizazi ni matibabu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Mara nyingi sababu huwa ni mayoma au damu isiyokatika, na ikiwa hivyo habari inaishia hapo. Ikiwa ilikuwa saratani, tunazungumza lugha nyingine.

Na hapa lazima nikuonye kuhusu maneno. Watu wetu wakisema "saratani ya kizazi" wanachanganya magonjwa mawili yasiyo na uhusiano. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo imejaa Afrika Mashariki, husababishwa na kirusi cha papiloma kinachoambukizwa kwa kujamiiana; haihusiani na polipu zako na si ya kurithi kwa maana tunayoiongelea. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi ndiyo yenye undugu na habari hizi. Nimekaa na familia zilizohuzunika miaka kwa kuamini wana "laana ya kizazi", kumbe wawili walikuwa na ya mlango wa kizazi na mmoja alikuwa na mayoma. Nimeona pia kinyume chake: ndugu watatu waliosemwa walikufa kwa "tumbo", na kila mmoja alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo ukiuliza, usiishie kwenye jina. Uliza alitibiwa wapi, akiwa na umri gani, kama alipigwa mionzi, kama kuna karatasi kwenye sanduku.

Kuuliza huko kuna historia yake. Mwaka 1895 mshonaji mmoja wa nguo huko Michigan, Marekani, alimwambia Aldred Warthin, daktari wa patholojia, kwamba ana hakika atakufa kwa saratani ya utumbo au ya viungo vya uzazi kama watu wa kwao. Warthin angeweza kumcheka. Badala yake alianza kuandika majina ya ukoo ule, na mwaka 1913 akachapisha alichokikuta. Yule mama alikufa baadaye kwa saratani ya ukuta wa kizazi kama alivyosema. Miongo kadhaa mbele, Henry Lynch wa Nebraska aliendeleza kazi hiyohiyo kwa koo nyingine, na leo hali ile ya kurithi inaitwa kwa jina lake.

Kwenye hali ya Lynch, moja ya jeni za kusahihisha makosa ya kunakili (MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2) imeharibika tangu kuzaliwa, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi ya asilimia 50 ya kuipata. Mwanamke mwenye hitilafu kwenye moja ya zile tatu za kwanza ana uwezekano wa takriban asilimia 35 hadi 50 wa kupata saratani ya ukuta wa kizazi afikapo miaka 75, wakati mwanamke wa kawaida wa Ulaya au Marekani yuko karibu asilimia 3. Nisieleweke vibaya: Lynch haijulikani kwa kuotesha polipu za kawaida. Ninaitaja kwa sababu kitu kinachofanana na polipu kwenye altrasaundi, kwa mwanamke wa ukoo wa namna hiyo, hakiachwi bila kupimwa. Madaktari hutumia kanuni ya tatu, mbili, moja: ndugu watatu wenye saratani za kundi hilo (utumbo mpana, ukuta wa kizazi na nyingine chache), katika vizazi viwili, angalau mmoja kabla ya miaka 50. Hata pungufu ya hapo inatosha kuuliza.

Hali nyingine ni ya Cowden, inayotokana na jeni ya PTEN. Ni adimu sana, karibu mtu 1 kati ya 200,000, na huunganisha saratani ya titi, ya tezi ya shingo na ya ukuta wa kizazi, pamoja na kichwa kikubwa kupita kawaida na vipele vidogo usoni. Ndiyo maana nilisema saratani ya mama mdogo ibaki kwenye karatasi. Peke yake haisemi kitu. Ikiwa kuna mwingine mwenye uvimbe wa tezi ya shingo, niambie.

Kama kuna mtu kwenu mwenye polipu za utumbo, hizo ni habari nyingine. Jina limefanana tu.

Nirudi kwenye lile swali ambalo hukuliandika. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, polipu zinazokutwa na saratani au dalili za kuelekea huko ni asilimia 1 hadi 2 hivi. Baada ya ukomo wa hedhi, hasa kama kuna damu, hupanda hadi karibu asilimia 5. Kwako wewe wa miaka 41, kurudi peke yake hakuifanyi kuwa mbaya. Siku hizi pia baadhi ya maabara hupima jeni ndani ya polipu, na wengine huandikiwa wana mabadiliko ya KRAS, jeni inayotajwa sana kwenye saratani, wakalia. Mabadiliko hayo yamekutwa hata kwenye kuta za kizazi zenye afya za wanawake wasio na ugonjwa wowote. Kinachoamua ni mwonekano wa seli kwenye hadubini.

Kwa hiyo jambo la kwanza, katafute majibu ya patholojia ya mara zote mbili. Ukiambiwa ile ya 2021 haikupelekwa kupimwa, ambalo hutokea zaidi ya inavyopaswa, angalau ya mwaka jana iwepo. Kipande huhifadhiwa kwenye nta na kinaweza kutazamwa upya, pamoja na kuangalia protini za zile jeni nne za Lynch iwapo habari za mama zitaelekeza huko. Kipimo cha jeni cha damu huja baadaye, na huanzwa kwa aliyeugua saratani kama yu hai, si kwa mtoto.

Jambo la pili linategemea kama bado unataka mtoto. Kama hutaki, zungumza na daktari wako juu ya kitanzi chenye homoni ya levonojestreli. Kinamwaga projesteroni ya kutengenezwa hapohapo ukutani, na ushahidi wake wa kuzuia polipu ni mzuri zaidi kwa watumiaji wa tamoksifeni, ila unazidi kujengeka kwa wengine pia. Hupunguza na damu, ambalo kwako si dogo. Kama bado unataka mtoto, kitanzi hakikufai, na usikae miaka miwili ukisubiri tuone kama itarudi. Jaribuni mapema wakati kizazi ni safi.

Altrasaundi ya kufuatilia ifanywe siku chache baada ya hedhi kuisha, ukuta ukiwa mwembamba, na ipitie ukeni. Ikifanywa wiki moja kabla ya hedhi, ukuta ulionenepa unaweza kuificha polipu, au ukaonekana kama polipu wakati haipo. Wakiona kitu chini ya sentimita moja na huna dalili, msikimbilie kukata: takriban robo ya hizo ndogo hupotea zenyewe ndani ya mwaka. Damu ikianza tena kati ya hedhi na hedhi, usisubiri tarehe ya miadi. Na zile dawa za "kusafisha kizazi" za kuweka ukeni zinazotangazwa kwenye simu, hazifiki polipu ilipo. Kinachotoka baada ya kuziweka ni utando wa uke uliounguzwa.

Ukishaongea na mama, niandikie alichokuambia, hata kama ni "sikumbuki".